Kila mmoja aje na chungu chake: je, mlo wa namna hii unafaa kwa kikundi chetu cha Mikindani?

Katibu wa Mikindani

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wa rika langu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mikindani. Wengi wetu ni wanawake: wapo wauza samaki, wapo wenye mashamba ya mikorosho upande wa Nanyamba, wapo walimu, na wapo wanaume wachache waliojiunga kwa kuwafuata wake zao. Kila tunapofunga mzunguko na kugawana hisa, tuna desturi ya kula pamoja siku hiyo kabla ya kuandikishana upya.

Hadi sasa tumekuwa tukichanga fedha, tunanunua mbuzi, mchele na nazi, kisha tunamkabidhi kazi mpishi wa kukodi. Utaratibu huo umeanza kuleta maneno. Safari iliyopita wapo waliochanga kikamilifu wakafika na kukuta pilau imebaki ukoko tu, na wapo walioshikilia kwamba mbuzi aliyeandikwa katika daftari alikuwa mkubwa kuliko yule waliyemwona amefungwa mnazini. Mweka hazina alilia mbele za watu, na sipendi kuliona hilo tena.

Mwenzetu mmoja, ambaye dada yake anaishi Marekani na aliwahi kumtembelea huko, amependekeza tuache kuchangishana. Anasema kanisani na kazini kwa dada yake watu wakitaka kula pamoja, kila mmoja hupika chakula kimoja nyumbani kwake, hukileta, vyakula vyote hupangwa juu ya meza moja, na kila mtu hujipakulia akipendacho. Hakuna daftari la fedha wala mbuzi wa kubishaniwa.

Vijana wamelipokea wazo hilo kwa mikono miwili, lakini wakubwa wetu wamesita. Bibi mmoja ambaye ndiye nguzo ya kikundi amesema kwamba kumwalika mtu kisha ukamwambia aje na chakula chake ni sawa na kumwambia abaki kwake. Wengine wana hofu ambayo hawaitamki kikaoni, ila wamenijia pembeni: mwenye uwezo ataleta biriani ya kuku, na asiye nacho ataleta kisamvu, halafu vyombo viwili hivyo vitakaa jirani mchana kutwa mbele ya macho ya watu. Siku yenyewe tumeipanga Desemba, wakati wenye korosho wameshalipwa na wasio na mikorosho wanahesabu mbegu za kupanda mvua ikinyesha, kwa hiyo tofauti hiyo itaonekana zaidi.

Naomba kujua mambo mawili. Je, katika desturi zetu za huku Kusini kuna kitu cha namna hii ambacho ninaweza kumwonyesha Bibi kwamba si jambo la kuletwa na ndege? Na kama tukikubaliana, tupange vipi ili asiwepo mtu wa kufunika chombo chake kwa aibu?

Babu wa Newala

Marahaba, mwanangu katibu. Mpe Bibi heshima zangu, kisha mwambie kwamba alilosema ni kweli kwa jambo jingine. Mtu anapokualika nyumbani kwake, wewe ni mgeni na yeye ni mwenyeji, na mwenyeji anayemwambia mgeni abebe sufuria amejivunjia heshima mwenyewe. Lakini katika kikundi chenu mwenyeji ni nani? Hisa ni zenu nyote na siku ni yenu nyote. Pasipo na mgeni hapana mwaliko wa kuvunjwa.

Desturi unayoiulizia ipo, tena sisi tulioishi uwanda wa juu wa Makonde tulikulia ndani yake. Kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu hawakujenga kwa mistari kandokando ya barabara kama sasa. Tulikaa katika vitongoji vidogo vya watu wa ukoo mmoja kwa upande wa mama, pamoja na wanaume waliooa humo, na katikati ya kitongoji palikuwa na banda la wazi ambalo kwa Kimakonde tunaliita chitala. Hapo wanaume walikaa, walichonga, walisuka mikeka, walisikiliza kesi, na hapo ndipo walipokula. Kila nyumba ilipika chakula chake, na jioni watoto walitumwa kukipeleka chitalani: huyu na ugali wa muhogo, yule na ugali wa mtama, mwingine na bakuli la kunde au la mboga za majani. Vyote viliwekwa chini katikati na watu wakazunguka. Wanawake nao walikuwa na mzunguko wao upande wa jikoni, kwa mpango uleule.

Nieleze kidogo namna tulivyokula, kwa sababu nadhani jibu la swali lako la pili limo humo. Maji ya kunawa yalianzia kwa mkubwa wa umri na kumalizikia kwa mdogo, na yalikuwa machache, maana Newala enzi hizo maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Hakuna aliyekuwa na sahani yake. Mtu alimega tonge kutoka ugali ulio mbele yake, akatowelea kwenye bakuli lililo karibu, na ugali wa nyumba moja ukipungua, ugali wa nyumba nyingine ulisogezwa mahali pake bila kutajwa umetoka wapi. Kitoweo, ikiwa siku hiyo kipo, hakikuguswa na mtoto hata kama kilikuwa kinamtazama. Tulisubiri mpaka mkubwa amege na kugawa, kila mmoja kipande chake kiganjani. Aliyefiwa na mke alikula, kijana ambaye hajaoa alikula, na mpita njia anayekwenda Masasi alikaribishwa akanawa bila kuulizwa ni wa nyumba gani. Nyumba ambayo siku hiyo haikuwa na kitu haikupeleka kitu, na mwanamume wa nyumba hiyo alikula vilevile.

Hapa nisiwadanganye: kila mtu alijua. Watoto tuliobeba vyakula tulijua ugali wa nani una madonge na mboga ya nani haina chumvi, na tulichekana njiani. Lakini chakula kikishatua chini kilikuwa cha chitala, na kukisema ilikuwa utovu wa adabu ambao mtoto angepigwa kwa ajili yake. Kwa maoni yangu, kinachowatisha wale waliokujia pembeni ni hiyo meza ya Kimarekani, ambapo chombo kinakaa na jina la mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na si huku kubeba chakula kutoka nyumbani. Ondoeni meza, tandikeni mikeka, mimineni vyakula katika masinia ya kikundi kabla watu hawajakaa, na kila sinia lichanganye vya nyumba nne au tano.

Tulipohamishiwa vijijini chitala nyingi zilibaki kwenye mahame. Serikali ilitaka watu wawe karibu na shule, zahanati na maji, na vyote hivyo tulivihitaji. Ila nyumba zilipopangwa kwa mistari, jirani wa mlango wa pili akawa si wa ukoo wako, na kidogo kidogo kila mtu akaanza kulia ndani kwake.

Mama Masasi

Nimesoma maelezo ya Babu kwa furaha, shikamoo Babu, lakini ruhusa yako naiomba niseme lile ambalo chitala haikulisema. Wanaume walikula pamoja. Nani aliamka kutwanga?

Katibu, mdogo wangu, ulisema kikundi chenu kina wanawake wengi. Tazama basi kinachobadilika mkiacha kuchanga fedha. Mchango wa fedha mwanamke anaweza kuutoa katika biashara yake au kumwomba mumewe, kisha siku ya mlo akaoga, akavaa, akaenda kukaa kama wengine. Ukimwambia alete wali wa nazi wa kulisha watu kumi, umemwandikia kazi ya tangu alfajiri. Achague mchele, apepete, atoe mawe. Avunje nazi nne au tano, akae juu ya mbuzi akune, akamue tui zito aliweke kando, atie maji tena akamue tui la pili. Huku kuni zinatoa moshi, mtoto mdogo analia, na yule mwanamume aliyejiunga na kikundi kwa kumfuata mkewe anauliza shati lake liko wapi. Akifika mkutanoni amechoka, jasho linamtoka, na ndiye huyo anayetakiwa pia kuosha masinia watu wakishashiba.

Sisemi msifanye. Katika jumuiya yetu hapa Masasi tunakula hivi mara kwa mara, hasa wakati wa sikukuu ya mavuno, na mimi mwenyewe hupika mbaazi za nazi ambazo watu huziulizia. Ninachosema ni kwamba huo mlo msiuite wa bure kwa sababu tu hauna daftari. Kazi yake imehamishwa kutoka kwa mpishi wa kukodi kwenda kwa wanawake ishirini ambao hawalipwi. Mkilijua hilo mapema mtapanga kwa haki. Sisi tulikubaliana kwamba aliyepika haoshi chombo na wala hatandiki. Wanaume na vijana ambao hawapiki huleta maji ya kunywa, mkaa wa kupashia, mikeka, turubai na soda, na wao ndio huosha. Mwanzoni waliosha vibaya makusudi ili waachishwe. Tuliwarudishia masufuria wakaosha tena, na sasa wanajua.

Jambo jingine: msimlazimishe kila mtu kupika. Mwalimu kijana anayeishi chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa anaweza kununua chapati kwa mama wa jirani akazileta, na chapati hizo zina thamani ileile. Mwanachama mgonjwa au mwenye mtoto mchanga aje na mkono mtupu na apokewe vizuri.

Kuhusu kisamvu kuonewa haya, nashangaa kidogo. Kisamvu kilichotwangwa kikalainika, kikachemshwa vya kutosha, kikaungwa kwa korosho zilizosagwa na tui zito juu, nani wa Mtwara atakiacha akimbilie biriani? Biriani tunaila kwenye harusi, na aghalabu inakuwa ya baridi.

Niliyewahi kuishi Minnesota

Nimesoma na kufanya kazi katika jimbo hilo la Marekani kabla ya kurudi nyumbani Nachingwea, na nimehudhuria milo ya namna hii mingi, zaidi katika makanisa ya Kilutheri, ambayo kule ni mengi. Ninaweza kueleza inavyokwenda ili mjue cha kuchukua na cha kuacha.

Wiki moja au mbili kabla, karatasi hubandikwa ukutani. Haina majina ya vyakula, ina mafungu: vyakula vikuu, mboga na saladi, mikate, vitu vitamu, vinywaji. Kila mtu huandika jina lake chini ya fungu moja, na fungu likijaa, anayefuata huchagua jingine. Hilo ndilo hukinga yale mliyoyasahau katika mjadala huu, yaani watu wote kuleta wali na asiwepo aliyeleta mboga. Mahali pengine hupangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Chakula kikuu cha watu wa Minnesota huwa bakuli pana la kuokwa lenye nyama ya kusaga, mboga, mchuzi mzito wa uyoga wa kopo, na vipande vya viazi juu. Ukila mara tatu unazoea, na wakati wa baridi kali unakipenda kwa dhati.

Mambo mawili yalinivutia. La kwanza, jina la mwenye chombo huandikwa kwenye kipande cha gundi na kubandikwa chini ya chombo, kwenye kitako, kwa ajili ya kurudishiwa tu. Juu hakuna jina. Babu wa Newala ameiogopa meza kwa sababu amedhani majina huwekwa mbele. Si lazima iwe hivyo, ingawa nakubaliana naye kwamba sinia ni bora kuliko meza kwa watu wetu, kwani foleni ya kujipakulia huwapa wa mbele nyama na wa nyuma mchuzi. La pili, mbele ya chakula huwekwa kikaratasi kinachotaja viambato ambavyo huweza kumdhuru mtu: karanga, maziwa, mayai, kamba na kaa. Huku kwetu tunatia korosho na karanga katika mboga bila kufikiri, na wapo watu, hasa watoto, ambao korosho huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Mama Masasi, kisamvu chako kitajwe kwamba kina korosho, hata kama kila mtu anadhani anajua. Na mkichanganya katika masinia kama Babu anavyoshauri, hilo ni muhimu zaidi, maana kijiko kikishapita hakuna tena chakula kisicho na korosho.

Aibu nayo ipo kule. Mwanafunzi maskini hufika na mfuko wa viazi vya kukaanga vya dukani na kuuweka haraka mwisho wa meza. Niliona wenye hekima wakiwapa wanafunzi fungu la vinywaji au la barafu, ili mtu alete kitu cha bei ndogo ambacho kila mmoja anakihitaji.

Afisa Afya, Lindi

Naomba niingie upande wa usalama, kwa sababu mlo uliopikwa katika majiko ishirini una hatari ambazo mlo wa jiko moja hauna. Mpishi mmoja akikosea unajua pa kuanzia. Vyombo vikiwa ishirini, watu wakiugua hakuna anayejua ni kipi.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60, na Desemba ya Mtwara iko katikati kabisa ya eneo hilo. Fanyeni hesabu kwa ukweli: mama amemaliza kupika saa tatu asubuhi, mkutano wa kugawana hisa umeanza saa nne, mabishano ya hesabu yameendelea hadi saa saba, na chakula kimefunguliwa saa saba na nusu. Hayo ni zaidi ya mara mbili ya muda unaofaa. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mle kwanza ndipo mgawane, au wapishi walete vyakula baada ya kikao na si kabla. Hotipoti nzuri iliyojazwa chakula cha moto kabisa husaidia, lakini hotipoti iliyojazwa nusu, au iliyofunguliwa kila mara ili watu waonje, haifanyi kazi.

Vyakula vya nazi huchacha mapema kuliko vyote. Mbaazi, wali na mchuzi wa nazi vipikwe vya mwisho, na tui zito litiwe karibu na kuepua. Wali una tatizo lake la pekee: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huota na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo wali wa jana usiletwe hata kama haunuki. Samaki jamii ya vibua na jodari nao wakiachwa juani kabla ya kupikwa hujenga kemikali ya kuwasha na kupandisha wekundu mwilini, na moto hauiharibu; wanunuliwe wabichi asubuhi, au mlete pweza, au ng'onda aliyekaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu. Wanaopika muhogo mchungu, iwe ugali au kisamvu, wafuate njia za wazee bila kukatisha: kuloweka, kuanika, kutwanga, kuchemsha bila kufunika chungu muda wote. Njia hizo ndizo huondoa sumu ya sianidi iliyomo.

Kunawa kwa bakuli moja linalozunguka, Babu utanisamehe, kuachwe. Wekeni ndoo yenye koki na sabuni, maji yatiririke. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, ulizeni kwanza ofisi ya afya ya kata, kwa kuwa vyakula vya mikusanyiko huweza kuzuiwa.

Wanaohofia uwezo wao wafikirie vitu ambavyo ni rahisi na pia ni salama: ming'oko iliyochemshwa na chumvi na pilipili yake, mihogo ya kuchoma, njugu mawe za kuchemsha, maembe ambayo Desemba ni tele, maandazi. Kachumbari ikatwe hapohapo mkutanoni kwa maji safi.

Katibu wa Mikindani

Nawashukuru sana. Nimemsomea Bibi maneno ya Babu wa Newala, na alichonijibu ni kwamba mama yake alikuwa akipeleka chakula barazani kila jioni ya Ramadhani, nyumba zote za mtaa zikifuturisha wanaume na wapita njia kwa pamoja: muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, tambi, kaimati. Amesema hakuwahi kulihesabu jambo hilo kuwa la aina moja na lile lililoletwa kikaoni. Ameridhia, kwa sharti kwamba nyama isitoke majumbani.

Sharti hilo naona lina busara, kwa kuwa kikundi kina Waislamu na Wakristo na nyama ikitoka jiko moja, kwa mbuzi aliyechinjwa mbele ya watu, hakuna atakayeuliza. Kwa hiyo tutachanga fedha kidogo za mbuzi peke yake, atapimwa kwa mizani mnadani mbele ya wanachama watatu, na vingine vyote vitatoka majumbani kwa mafungu. Tutakula kwanza, kisha tugawane. Wanaume wameshaambiwa kuhusu masufuria. Mmoja ameuliza kama soda inatosha.

Bado nina swali moja. Masalio yatakuwaje? Safari zilizopita waliokaa karibu na jiko ndio walioondoka na mifuko.

Mkaazi wa Kilwa Masoko

Dada katibu, soda haitoshi.

Kuhusu masalio, huku Kilwa tunaifuata desturi ambayo nadhani hata Mikindani mnayo, kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mwanamke akikuletea sahani ya vitumbua chini ya kawa, unakaa nayo mpaka upate kitu cha kutia ndani. Kwenye mlo wenu itumieni hivi: mwishoni anayesimamia masinia asimrudishie mtu chakula chake alicholeta. Aliyekuja na mbaazi apewe vipande vya muhogo, aliyekuja na muhogo apewe maembe na maandazi. Hivyo hakuna atakayetazama chombo chake na kuona watu hawakukila, ambalo ni jambo linalouma kuliko hata kuleta kidogo. Vya nazi msigawe vya kubeba, kama afisa alivyoeleza. Viliwe papo hapo au vimwagwe, na wanachama waelezwe hilo mapema ili lisionekane kuwa ni dharau kwa mpishi.

Mgawaji asiwe mmoja wa waliopika, na asiwe mweka hazina, maskini ya Mungu, ameshateseka vya kutosha. Mteueni mtu mzima ambaye watu humwogopa kidogo. Huyo huyo awe ndiye wa kuketisha watu kwenye masinia, kwa sababu mkiwaachia wakae wapendavyo, wauza samaki watakaa na wauza samaki na walimu na walimu.

Na kabla sinia la kwanza halijaguswa, pakueni sehemu za wasiokuwepo: mgonjwa, aliye eda, aliyejifungua, na mlinzi wa mahali mlipokutania. Wekeni katika vyombo vyenye mfuniko, na vijana wawili wavipeleke mara moja kungali moto. Mkisubiri hadi watu washibe, watakachopelekewa kitakuwa mifupa.